Kuendesha gari kuukuu: Ni zuhudi, ubakhili au ria?

Miongoni mwa mambo ambayo sisi Waislamu wa mijini tunayafanya bila kuyapima kwa mizani ya dini ni namna tunavyochagua vyombo vya usafiri. Tunauliza bei. Tunauliza gari linakula mafuta kiasi gani na spea zake zinapatikana wapi. Lakini swali la nne hatuliulizi: je, nanunua chombo hiki ili nifike ninakokwenda, au ili nionekane nikienda? Na anayethubutu kuliuliza huonekana ama ni maskini asiyetaka kukiri umaskini wake, ama bakhili, ama mtu anayejifanya walii.

Nayasema haya kwa kuwa naishi Majengo, hapa Moshi, na gari ninaloendesha kila siku ni Renault 4, gari la Kifaransa lililotoka kiwandani kabla vijana wengi wa mtaa huu hawajazaliwa. Rangi yake ya buluu imepauka kwa jua na vumbi hata huwezi kuapa kuwa ni buluu. Mlango mmoja wa nyuma una rangi tofauti na mingine. Watoto wa mtaani wanaliita mkweche, na hawajakosea. Nimeulizwa kuhusu gari hili msikitini, sokoni na ndani ya nyumba yangu, na kila aliyeuliza alikuwa na hoja. Naona ni vyema nizipime hoja hizo hadharani, kwa sababu kwa hakika hazihusu gari langu tu. Zinahusu nyumba, simu, harusi na mavazi yetu.

Kwanza tulifahamu gari lenyewe. Renault 4 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1961 na ikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya tisini, yakiwa yametoka magari zaidi ya milioni nane. Aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, Pierre Dreyfus, alitaka gari mfano wa suruali ya jinzi: la bei nafuu, la kazi zote, la mjini na la shamba, ambalo tajiri na maskini wote wanaweza kulitumia bila haya. Kabla yake, mwaka 1948, kampuni ya Citroën ilikuwa imeonesha 2CV yake, gari lililokusudiwa mkulima aweze kukatiza shamba lililolimwa akiwa na kapu la mayai na yasivunjike. Huo ndio ukoo wa gari ninalolizungumzia. Halikutengenezwa kwa ajili ya fahari. Vioo vyake vya madirisha vinasukumwa pembeni kwa mkono, na gia yake inatokea kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli, unaivuta na kuisukuma. Jirani zetu wa Kenya waliizoea Renault 4 kwa jina la Roho.

Wala magari ya Kifaransa hayakuwa mageni Afrika Mashariki. Wazee wanakumbuka kuwa Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968, na kwamba aliyeshinda mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Tanzania. Hapa Kilimanjaro, gari la Kifaransa lilipanda na kushuka njia za Marangu, Machame na Kibosho zilipokuwa bado za udongo. Kisha ikaja miaka ya shida. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 fedha za kigeni zikaadimika, na spea zikawa kama dhahabu. Mafundi wetu wakajifunza kuchonga, kuchomelea na kuazimisha kifaa cha gari moja kwenye gari jingine. Miaka ya tisini yakaingia kwa wingi magari ya mitumba kutoka Japani, na ule ujuzi ukaanza kuzeeka pamoja na wenyewe.

Gari langu lilikuwa mali ya mwalimu mstaafu aliyefariki, limelala miaka mingi chini ya mparachichi huko Uru. Warithi walikuwa wanataka kulipima kwa kilo na kuliuza kama vyuma chakavu. Niliwaeleza wote, mbele ya mjane, kwamba injini haijafa na kwamba thamani yake inazidi bei ya chuma, kisha tukapatana. Fundi mzee wa Majengo, ambaye mikono yake inayafahamu magari haya kuliko macho ya wengine, akashusha injini, akabadilisha ringi na gasketi, akasafisha kabureta, akatengeneza upya mfumo mzima wa breki. Mchomeleaji akakata sakafu iliyoliwa na kutu na kuweka bati jipya. Fundi viti akashona viti. Nyaya za taa zikatandikwa upya. Rangi peke yake sikuigusa. Na hapo ndipo maswali yalipoanzia.

Hoja ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja ninayemheshimu sana. Baada ya swala ya Ijumaa alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu, wewe Mwenyezi Mungu hakukunyima. Mbona unatembea na kitu kama hiki? Hujui kuwa Allah anapenda kuiona athari ya neema yake kwa mja wake?" Hadithi aliyoitaja ipo, ameipokea Imamu Tirmidhi. Na ipo nyingine katika Sunan ya Abu Daud, ya sahaba aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) akiwa amevaa nguo duni. Mtume akamuuliza kama ana mali, naye akataja ngamia, kondoo, farasi na watumwa aliopewa na Allah. Mtume akamwelekeza kuwa, ikiwa amepewa mali, basi athari ya neema hiyo ionekane kwake. Zaidi ya hayo, Qur'an yenyewe katika Surat An-Nahl, aya ya 8, inapotaja farasi, nyumbu na punda inasema kuwa wameumbwa ili tuwapande na wawe pambo. Kwa hiyo anayedai kuwa gari zuri ni haramu, au ni alama ya imani dhaifu, hana hoja mbele ya aya hiyo.

Pamoja na hayo, tujiulize: athari ya neema inaonekana wapi? Ni kwenye rangi ya bati peke yake? Mtu aliyepewa mali, akasomesha watoto wake na wa ndugu yake, akatoa zaka kwa hesabu na si kwa kukisia, akalipa mafundi wake siku kazi ilipokwisha, je, huyo neema haionekani kwake? Na katika Sunan hiyo hiyo ya Abu Daud imo hadithi nyingine inayofundisha kuwa kutojikweza katika mavazi ni sehemu ya imani. Bi Aisha (R.A.) naye ametuhadithia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona mwenyewe viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Hadithi hizi hazigombani. Nguo yenye kiraka, ikiwa safi, haikufuru neema. Uchafu na uzembe ndivyo vinavyokufuru neema, kwani mwenye kupewa kitu akakiacha kioze huwa amekidharau aliyepewa na amemdharau aliyempa. Ukilitazama hivyo, kulifufua gari lililokuwa linaelekea kwenye tanuri la vyuma chakavu nako ni namna ya kushukuru.

Hoja ya pili ni ya vijana, nayo ni ya hesabu. Wananiambia: "Mzee, fedha unazomwaga kwenye huo mkweche ungeshanunua Vitz au IST ukapumzika. Huo si ndio ubadhirifu wenyewe?" Hoja hii ni nzito kuliko wanavyodhani wao. Surat Al-Israa, aya ya 26 na 27, imewaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani, na haikusema kuwa ubadhirifu ni wa vitu vipya tu. Mtu anaweza kufanya ubadhirifu kwenye kitu kikuukuu vilevile. Wapo watu Ulaya na Marekani wanaotumia mali nyingi kulirudisha gari la kale katika hali ya siku lilipotoka kiwandani, kisha wakalifungia bandani, lisiguse mvua wala kubeba mtu. Gari la maskini limegeuzwa sanamu la tajiri. Na mwaka 2024 kampuni ya Renault yenyewe ilionesha Renault 4 mpya ya umeme, ikauza tena kumbukumbu ya gari la watu wa chini, safari hii kwa bei ambayo wengi wa watu hao hawaiwezi.

Kwa hiyo nimejiwekea mpaka, na Surat Al-Furqan, aya ya 67, ndiyo kipimo: waja wa Rahman wanapotoa hawafanyi israfu wala hawafanyi uchoyo, bali huwa katikati. Mpaka wangu ni huu. Siku matengenezo yatakapogusa ada ya shule, au deni la mtu, au haki ya mzazi, siku hiyo gari limekuwa israfu hata kama ni la mwaka wowote ule. Na siku litakapoacha kunifikisha ninakokwenda, likabaki la kutazamwa tu, nalo limekuwa israfu. Hadi leo linanipeleka dukani, linabeba unga na sabuni kutoka sokoni Mbuyuni, linapanda Kibosho kwa gia ya pili kumpelekea dawa mama mkwe wangu. Aidha, fedha ya matengenezo yake haivuki bahari. Inaingia kwa fundi, kwa mchomeleaji, kwa mshona viti na kwa vijana wanaojifunza kwao. Imamu Ghazali katika Ihyaa aliuhesabu ujuzi wa kazi za mikono kama kilimo, ufumaji na ushonaji kuwa ni faradhi kifaya, kwa maana kwamba ukitoweka kabisa katika mji, wakazi wote wanabeba dhambi. Kwa mizani hiyo, fundi anayeweza kutengeneza kilichoharibika si mtu wa kumtupa, na ujuzi wake haurithiwi kama hakuna anayempa kazi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo kubwa kwangu, nayo ni ya madhara. Sheria yetu ina kanuni maarufu kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, nayo imetokana na hadithi. Gari kuukuu linaweza kumdhuru mtu. Halina mifuko ya hewa. Breki zake ni za drami, na atokaye Uru kuteremka Moshi mjini anajua jinsi drami zinavyopata moto na kanyagio kulegea. Moshi wake hauchujwi kama wa magari ya sasa. Injini nyingi za zamani zilizoea petroli yenye risasi, ambayo nchi za Kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na dunia nzima ikaachana nayo mwaka 2021 ilipoacha Algeria, kwa sababu risasi ile ilikuwa inadhuru ubongo wa watoto. Serikali nayo inatoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa yanayoingizwa nchini. Hatuwezi kuyapuuza hayo kwa kisingizio cha zuhudi. Mtu anayejinyima kwa mali yake ana hiari. Hana hiari ya kumnyima mpita njia usalama wake.

Hapa ndipo nilipopata kanuni ambayo naona inafaa hata nje ya gari: haki ya wengine kwanza, macho ya watu baadaye. Breki ni haki ya mtoto anayevuka barabara. Taa na indiketa ni haki ya mwenye bodaboda anayenifuata nyuma. Tairi na mikanda ni haki ya familia niliyoipakia. Kabureta lililowekwa sawa, lisilotoa wingu jeusi, ni haki ya mama anayekaanga vitumbua pembezoni mwa barabara. Vitu hivi havisubiri mwezi ujao. Lakini rangi iliyopauka ni haki ya nani? Ni ya macho tu, na macho yanaweza kusubiri. Sasa tembea mjini utazame ni mara ngapi tunafanya kinyume chake: gari linang'aa kama kioo, rimu mpya, muziki mkubwa, na tairi za nyuma ziko kipara. Na ni mara ngapi gari la kuuzwa hujazwa puti na kupigwa rangi juu ya kutu ili mnunuzi asiione? Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake, alimkemea muuzaji na kueleza kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Kutu iliyofichwa kwa rangi ni ile ile nafaka yenye maji.

Kanuni hii ilijaribiwa nyumbani kwangu. Tulikuwa tunakwenda kumposea mpwa wangu, na wazee wa ukoo wakakutana. Mmoja akapendekeza tuazime gari kubwa la jamaa yetu wa mjini, kwa sababu, alivyosema, watu wa upande wa binti wakituona tunashuka kwenye mkweche watatuona si lolote na mahari itapangwa kwa dharau. Mpwa wangu naye, kijana mwenye adabu, akaniambia taratibu: "Mjomba, tafadhali, siku hiyo moja tu." Sikumlaumu, na sidhani kuwa kuazima gari ni dhambi. Mwenye watu wengi wa kubeba na aazime. Lakini niliuliza swali moja kikaoni: tunaazima ili tuenee, au tunaazima ili waamini tuna tusichokuwa nacho? Kwa maana ipo hadithi katika Bukhari na Muslim ambayo Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye kujitia kuwa na kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Binti anayeolewa kwa gari la kuazima, ataishi na nani kesho yake gari likirudishwa?

Kikao kilinyamaza. Hatimaye tulikwenda na gari langu na Noah ya kukodi kwa ajili ya akina mama, na tukaieleza wazi kuwa ni ya kukodi. Yaliyosemwa baada ya sisi kuondoka siyajui, na wala si juu yangu kuyajua. Ninachojua ni kuwa hatukupeleka uongo katika nyumba ambayo tulikuwa tunaomba amana.

Sasa nimalizie na hoja ya nne, ambayo hakuna aliyeniuliza, lakini ndiyo inayonitisha. Je, haiwezekani kwamba gari kuukuu nalo likawa namna ya kujionesha? Ria haina mlango mmoja. Qarun alitoka mbele ya watu wake katika mapambo yake, kama ilivyoelezwa katika Surat Al-Qasas, na wenye kupenda dunia wakatamani wangekuwa kama yeye. Lakini yupo pia anayetoka mbele ya watu na viraka vyake akisubiri waseme: "Tazameni mtu wa zuhudi." Huyu na Qarun wanagombea soko moja. Tofauti yao ni bidhaa tu.

Dawa ya hilo nimeiona katika hadithi iliyopokewa na Muslim. Mtume (S.A.W.) alipotahadharisha kuhusu kibri, mtu mmoja alimuuliza hali ya anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tuzingatie: kibri hakikuwekwa kwenye kiatu, kiwe kipya au kikuukuu. Kimewekwa kwenye kuikataa haki na kwenye dharau. Kwa hiyo mwenye Crown au Harrier akiipokea haki na akamheshimu mwenye baiskeli, hana kibri. Na mimi nikiwa ndani ya Renault yangu iliyopauka, nikimtazama mwenye Harrier nikasema moyoni kuwa ninamzidi kwa ucha Mungu, basi kibri kimepanda gari la bei rahisi.

Ndiyo maana binti yangu aliponiomba siku moja, "Baba, nishushe hapa kwenye kona, shule si mbali," nilimshusha kwenye kona. Sikumhutubia. Kumlazimisha ashukie getini ili wenzake wauone msimamo wangu kungekuwa kumfanya yeye bango la zuhudi yangu. Njiani siku nyingine nilimweleza habari ya breki na rangi, naye akasikiliza. Kuamua ni kazi yake atakapokua, na dua ni yangu.

Ndugu zangu Waislamu, sikuandika haya ili kila mtu aende kutafuta gari bovu chini ya mparachichi. Mwenye uwezo na anunue gari zuri kwa mali ya halali, alipambe kiasi na amshukuru Allah. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuchukua mkopo wa riba ili kubadilisha gari ambalo bado linatembea, mtu akae peke yake ajibu swali lile la nne. Surat At-Takaathur inatuonya kuwa kushindana kwa wingi kutatushughulisha hadi tuyafikie makaburi. Na dua tuliyofundishwa tunapopanda chombo, iliyotokana na Surat Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14, inamtakasa Aliyetutiishia chombo hicho, kisha inatukumbusha kuwa kwa Mola wetu ndiko tutakakorejea. Dua hiyo inasomwa sawasawa ndani ya gari jipya na ndani ya mkweche, na safari inayoitaja ni moja.

Wabillahi tawfiq.